Mbu Mgeni Akiingia Nchini, Nani Atamtambua?

Najua wengi wenu hupita hapa kusoma mambo ya programu, hifadhidata na simu. Leo nitaandika juu ya mbu. Usifunge ukurasa bado, maana ukisoma mpaka mwisho utaona ni habari ileile yetu ya kila siku: fomu iliyoandikwa vibaya, na gharama yake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ya kuandikisha wagonjwa kwa zahanati moja ya mtu binafsi hapa Kakamega. Palipoandikwa "Ugonjwa" niliweka orodha ya kuchagua: malaria, homa ya matumbo, nimonia, kuhara, na mengine machache. Programu haikukubali kuhifadhi chochote mpaka karani achague kimojawapo. Nikajisifu kwamba sasa hakuna atakayeacha nafasi tupu. Baada ya miezi miwili mwenye zahanati akanipigia simu. Alitaka kujua kwa nini malaria imepanda hivyo na mvua zenyewe hazijaanza. Tukakaa na madaftari ya karatasi, tukalinganisha. Mwenye jino bovu: malaria. Aliyejikata na jembe: malaria. Mama aliyeleta mtoto kupimwa uzito: malaria. Karani hakuwa mvivu. Alichotaka kuandika hakikuwemo kwenye orodha, mgonjwa mwingine alikuwa amesimama dirishani, na malaria ilikuwa ya kwanza juu. Sikuwa nimeweka "Nyinginezo" wala "Sijui". Programu haikutoa onyo hata moja. Ilifanya kazi vizuri kabisa, na ikadanganya kila siku.

Historia ya kuwatambua wadudu wanaobeba magonjwa ina kosa hilihili, limerudiwa mara nyingi, na waliolilipia ni watu wengi kuliko wateja wa zahanati moja. Safari hii jirani zetu wa Pembe ya Afrika wamekwisha kulipa. Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna sababu ya kuisoma habari hiyo kwa makini.

Kwanza tuelewane jinsi mbu anavyotambuliwa. Mtaalamu wa wadudu hamtazami mbu mara moja akamjua. Anamweka chini ya hadubini na kufuata kitabu kinachoitwa ufunguo. Ufunguo ni maswali yaliyopangwa moja baada ya jingine, na kila jibu linakupeleka kwenye swali lingine. Mwandishi wa programu akiuona anaujua papo hapo. Ni mti wa maamuzi, kitu kama hiki:

1. Mabawa yana madoa? Ndiyo: nenda 2. Hapana: nenda 9.
2. Miguu ina vidoadoa? Ndiyo: nenda 3. Hapana: nenda 6.
3. Vijipembe vilivyo kando ya mrija wa kufyonzea damu vina pete ngapi nyeupe? ...

Huo nimeutunga mimi, na umerahisishwa. Ule wa kweli una maswali mengi, na baadhi yake yanahusu unyoya mmoja kwenye mshipa wa bawa. Ukifika mwisho wa tawi, unapewa jina. Kwa mbu wa jenasi ya Anopheles, ndio wanaobeba malaria, kitabu kilichotegemewa Afrika kusini mwa Sahara kwa miaka mingi kilikuwa cha Gillies na De Meillon cha 1968, kikaongezewa kingine cha Gillies na Coetzee mwaka 1987. Ni kazi kubwa sana, maana duniani kuna spishi zaidi ya 400 za Anopheles, na zinazosumbua watu hasa kwa malaria ni kama 40 tu. Mtu aliyewatenganisha hao kwa macho na kalamu anastahili heshima.

Lakini kila ufunguo una sharti moja lililojificha: mbu uliye naye lazima awe mmoja wa walioorodheshwa. Hakuna tawi lililoandikwa "huyu simjui". Ukileta mgeni, utajibu maswali, utafika mwisho wa tawi, na utapewa jina la mwenyeji anayefanana naye. Fomu itahifadhiwa bila onyo. Umeona jamaa yake na programu yangu?

Utasema, jina ni jina tu, mbu ni mbu. Hapana. Kwa mdudu anayebeba ugonjwa, jina ni anwani. Likikwambia ni huyu, umejua anazaliana wapi, anauma saa ngapi, ndani au nje, na dawa gani bado inamuua. Ukikosea jina, utabisha hodi nyumba ambayo hayupo. Na wakati wewe unabisha huko, yeye anaendelea na kazi yake.

Mfano wa kwanza ninaoupenda unahusu mbu wetu aliyekwenda ng'ambo. Machi 1930, Raymond Shannon, mtaalamu wa wadudu wa Rockefeller Foundation, alikuwa mjini Natal, kaskazini-mashariki mwa Brazil, kwa shughuli za homa ya manjano. Akakuta viluwiluwi vya mbu ambaye hakustahili kuwa Amerika: Anopheles gambiae, mbeba malaria mkubwa wa Afrika. Wakati huo meli za kasi za Kifaransa zilikuwa zinabeba barua kutoka Dakar hadi Natal, na mbu walipata usafiri wa bure. Shannon alimtambua kwa sababu alijua kwamba dunia ina mbu wengine nje ya orodha ya Brazil. Hata hivyo hatua hazikwenda kwa kasi ya ugunduzi. Natal ilipata mlipuko wa malaria, mbu akaondolewa mjini, lakini alikuwa ameshaanza kusambaa kimya kimya bara. Mwaka 1938 majimbo ya Ceará na Rio Grande do Norte yalipigwa na malaria ambayo Brazil haikuwahi kuiona: wagonjwa zaidi ya 100,000 na vifo vinavyokadiriwa kuwa 14,000. Ndipo serikali na Rockefeller Foundation, chini ya Fred Soper, wakaingia vitani dimbwi kwa dimbwi, nyumba kwa nyumba. Kufikia mwisho wa 1940 mbu huyo alikuwa ameisha Brazil.

Weka kidole hapo, tutarudi Brazil baadaye. Kwanza turudi nyumbani, maana katika miaka hiyohiyo misitu yetu ilikuwa ikipekuliwa pia.

Mwaka 1946 Garnham, Harper na Highton walichapisha utafiti juu ya mbu wa msitu wa Kaimosi, ambao ni jirani wa msitu wa Kakamega. Walikuwa wanatafuta wabebaji wa homa ya manjano. Lakini mdudu aliyetoa fumbo gumu zaidi upande huu hakuwa mbu. Alikuwa usubi, yule nzi mdogo mweusi wa mtoni anayeuma na kuacha minyoo ambayo mwishowe hupofusha macho. Misitu ya Kakamega na Kaimosi ilikuwa miongoni mwa maeneo ya Kenya yenye ugonjwa huo. Jina la usubi huyo lilijulikana tangu 1915: Simulium neavei. Alikamatwa akiuma watu kandokando ya mito. Tatizo ni kwamba watoto wake hawakuonekana. Usubi wengine hutaga mtoni na viluwiluwi vyao hushika mawe na majani. Watafiti waligeuza mawe, wakavuta majani, hola.

Jibu lilipatikana mwaka 1950, na waliolitoa ni van Someren na McMahon: viluwiluwi vilikuwa vimejishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Naam, kaa! Wapitao mtoni walikuwa wakiwaona kaa hao miaka yote, na hakuna aliyefikiria kuwageuza. Baada ya hapo ukaguzi ukawa rahisi: shika kaa, mtazame, hesabu. Dawa ya DDT ilimwagwa katika mito iliyokuwa na usubi, na mwaka 1958 McMahon na wenzake waliandika ripoti ya kumtokomeza Simulium neavei nchini Kenya. Mzee wa Shinyalu aliyezaliwa baada ya hapo huenda hajawahi kusikia kwamba mto wake uliwahi kupofusha watu. Ndiyo maana nasema jina ni anwani. Jina bila anwani liliwachelewesha, na anwani ilipopatikana kazi ikaonekana.

Sasa turudi kwa mbu. Katika miaka ya 1960 ikajulikana kwamba hata orodha yenyewe ilikuwa na shida. Kule London, George Davidson alikuwa akifuga mbu wa Anopheles gambiae kutoka sehemu mbalimbali za Afrika na kuwaoza wao kwa wao. Baadhi ya ndoa hizo zilizaa madume tasa, kama nyumbu anayezaliwa na punda na farasi. Mwaka 1962 yeye na mwenzake walitangaza matokeo ambayo mwisho wake ulikuwa huu: aliyeitwa gambiae hakuwa mbu mmoja. Ni ukoo wa spishi kadhaa zinazofanana sura hata chini ya hadubini. Mmoja wao ndiye leo anaitwa Anopheles arabiensis. Gambiae mwenyewe anapenda damu ya binadamu na kulala ndani ya nyumba. Arabiensis hula ng'ombe bila kinyongo na hukaa nje zaidi. Ukinyunyiza dawa ukutani, mmoja anakufa na mwingine anakucheka zizini.

Kwa hiyo ufunguo wa macho ulikuwa na tawi moja mahali palipotakiwa matawi kadhaa. Kwa miaka thelathini hivi njia za kuwatenganisha zilikuwa za taabu, kama kusoma mistari ya kromosomu. Mwaka 1993 Scott, Brogdon na Collins wakaleta kipimo cha PCR kinachotumia kipande kidogo cha DNA. Mguu mmoja wa mbu unatosha. Unaweka vipande vya DNA vilivyotengenezwa kushika spishi fulani, mashine inazidisha kilichoshikwa, kisha unatazama mstari umetokea wapi. Mstari huu, ni gambiae. Mstari ule, ni arabiensis. Maabara za Kenya zimekitumia kipimo hiki kwa mbu wengi mno, wakiwemo wa huku kwetu magharibi.

Na Brazil? Mbu wa kampeni ya Soper walikuwa wamehifadhiwa kwenye makumbusho. Mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya DNA waliyoitoa kwenye mbu hao wakavu. Wakakuta walikuwa arabiensis. Miaka 78 baada ya Shannon, jina lilisahihishwa. Shannon hakukosea, maana wakati wake jina hilo la pili halikuwa limetenganishwa. Lakini angalia kilichowezesha sahihisho: mbu wenyewe walitunzwa. Wangetunza majina tu na kutupa mbu, lisingekuwepo la kusahihisha. Wenzangu wa hifadhidata, mmesikia? Usifute data ghafi kwa sababu umeshapata jibu.

PCR ilionekana kumaliza ubishi, lakini nayo ina kosa la fomu yangu. Kwa lugha yetu, PCR ya aina hii ni kutafuta neno ndani ya faili. Unauliza, "Je, kuna 'gambiae' humu? Kuna 'arabiensis'?" Ukijibiwa ndiyo, vizuri. Ukijibiwa hapana mara zote, hujajua kilichomo. Umejua tu kisichokuwemo. Mbu wa namna hiyo hubaki bila mstari wowote. Inaweza kuwa DNA imeharibika, inaweza kuwa fundi amekosea kipimo, na inaweza kuwa mbu ni mwingine kabisa. Kwenye kazi yenye haraka, sampuli isiyojibu huwekwa kando, na ripoti inaandikwa kwa zile zilizojibu.

Njia ya pili ni kulifungua faili na kulisoma. Unasoma herufi za kipande fulani cha DNA ambacho wadudu wote wanacho, kisha unazilinganisha na maktaba kubwa ya mtandaoni. Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, alipendekeza kipande kimoja cha herufi kama 650 kitumike kwa wanyama wote, kama mistari myeusi ya bei kwenye bidhaa za dukani. Tofauti yake na PCR ya kuuliza majina ni kubwa. Hapa huulizi "Je, ni fulani?" Unauliza "Wewe ni nani?" Na jibu linaweza kuwa "Hayumo kwenye maktaba."

Jibu hilo lilitokea kweli, na siyo mbali na hapa. Mwaka 2012 Jennifer Stevenson na wenzake walichapisha utafiti wa mbu waliokamatwa katika kijiji kimoja cha nyanda za juu za Kisii. Baadhi ya mbu hao hawakukubali kupewa jina. Walipowasoma DNA, herufi zao hazikulingana na spishi yoyote iliyokuwa kwenye maktaba. Na walibeba vimelea vya malaria. Zaidi ya hayo, walipatikana wakiuma nje, mapema jioni, wakati watu bado wako uani wanapiga gumzo na chakula kiko jikoni. Fikiria hilo. Familia ina chandarua kizuri kitandani, na aliyeleta ugonjwa amekwisha kuondoka kabla hawajaenda kulala. Kama wale watafiti wangewaweka kando wasiojibu, habari hiyo isingejulikana.

Mwaka huohuo wa 2012, mbali kidogo kaskazini, mgeni alikuwa amefika Afrika.

Anopheles stephensi ni mbu wa Asia Kusini na Bara Arabu. Alipewa jina na Liston mwaka 1901 huko India. Anapenda mjini. Gambiae wetu anataka vidimbwi vya jua: shimo la kufyatulia matofali, alama ya kwato za ng'ombe, mtaro ulioziba. Stephensi anaridhika na tangi la maji, pipa, kisima, birika la ujenzi, maji safi uliyojiwekea mwenyewe. Kwa hiyo hahitaji kusubiri mvua. Mradi watu wanahifadhi maji, yeye ana nyumba.

Alionekana Djibouti, mji wa bandari, mwaka 2012. Nchi hiyo ilikuwa karibu kabisa kuimaliza malaria: mwaka huo iliripoti wagonjwa 27 tu. Mwaka 2020 waliripotiwa zaidi ya 73,000. Soma tena tarakimu hizo taratibu. Hakuna kilichobadilika kwa watu wa Djibouti kuwa wachafu au wazembe zaidi. Kilichobadilika ni nani anaishi kwenye mapipa yao.

Mwaka 2016 alipatikana Ethiopia, katika mji wa Kebri Dehar. Huko ndiko ufunguo wa zamani ulionyesha udhaifu wake. Stephensi hakuwemo katika vitabu vya Afrika vya 1968 na 1987, na kwa nini awemo? Hakuwa mwenyeji. Kwa anayefuata maswali yale, mbu huyu anaweza kuishia kwenye tawi la gambiae. Na gambiae ni jibu lisiloshtua mtu Ethiopia, kama vile malaria isivyomshtua karani wa Kakamega. Waliomthibitisha walisoma DNA yake na kuilinganisha na maktaba, wakakuta ni mgeni wa Asia. Baada ya hapo, kila walipokwenda kumtafuta mashariki mwa Ethiopia wakijua wanamtafuta nani, walimkuta mji baada ya mji. Mwaka 2022 mji wa Dire Dawa ulilipuka kwa malaria katika msimu wa kiangazi, wakati ambao kwa kawaida madaktari hupumua kidogo. Watafiti walipofuatilia nyumba za wagonjwa, waliyemkuta ni stephensi, kwenye maji ya kuhifadhiwa.

Sudan, Somalia, Nigeria na Ghana nazo zikaripoti. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2019, na Septemba 2022 likaanzisha mpango wa kumzuia asienee Afrika. Utafiti mmoja wa 2020 ulikadiria kwamba akisambaa katika miji inayomfaa, watu milioni 126 zaidi wa mijini wangekuwa hatarini. Ufunguo nao ukapata toleo jipya mwaka 2020, kazi ya Maureen Coetzee.

Kenya ilimpata Desemba 2022. Maeneo ya kwanza kutangazwa yalikuwa Laisamis na Saku katika kaunti ya Marsabit, na baadaye ripoti ikamthibitisha Turkana pia. Namna alivyopatikana ndiyo sehemu ninayotaka uikumbuke. Mpango wa kitaifa wa malaria ulituma watu kwenda kumsaka katika kaunti zilizo hatarini. Wakati huohuo KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, kupitia kikundi cha Eric Ochomo na wenzake, ilichukua mbu wa Anopheles waliokusanywa kwa tafiti nyingine, zenye malengo mengine kabisa, ikawapima wote kwa kipimo kilichotengenezwa kumtambua stephensi. Kisha wakathibitisha kwa hadubini na kwa kusoma herufi za DNA. Yaani walichukua data ya zamani, wakaiuliza swali jipya. Hawakuamini kwamba jina lililokuwa kwenye kibandiko ndilo la mwisho.

Sasa turudi Kakamega. Ugunduzi huo ulikuwa Marsabit na Turkana, na Kakamega ina malaria yake ya kutosha bila mgeni. Utafiti wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea kwa watoto 19 kati ya 100 katika kanda ya ziwa, ambayo Kakamega imo ndani yake, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 6. Watafiti wamefanya kazi miaka mingi Iguhu, hapo karibu na msitu, wakaonyesha jinsi ukataji miti unavyoongeza joto na kumsaidia gambiae akue haraka na kubeba vimelea vizuri zaidi. Vyandarua vyetu, dawa zetu za ukutani, ratiba zetu za kujiandaa na mvua, vyote vimepangwa kwa anwani ya mbu huyo na ndugu zake.

Chukua ramani. Barabara ya A1 inatoka mpaka wa Tanzania, inapita Kisii, inapita Kisumu, inapita katikati ya mji wa Kakamega, Webuye, Kitale, kisha inashuka Lodwar, Turkana, na kuendelea kuelekea Sudan Kusini. Barabara moja inaunganisha kijiji cha mbu wasio na jina, mji wetu, na kaunti alikopatikana mgeni. Malori hupita hapa usiku na mchana, na Brazil ilishatufundisha kwamba mbu hajui nauli. Tazama pia mapaa ya Lurambi na Amalemba: matangi meusi ya plastiki kila mahali, na chini yake mapipa ya kukinga maji. Sisi tunapata mvua karibu kila alasiri, lakini mfereji hauna ahadi, kwa hiyo tunahifadhi. Ni busara. Ila ni nyumba pia.

Akifika, ataonekana vipi? Mwanzoni atakuwa mbu wachache kwenye mtego. Mtu aliyechoka atafuata maswali na kuandika jina la mwenyeji. Zahanati itaona malaria ikipanda kiangazi, na watu watasema vyandarua vimechakaa. Ripoti zote zitakuwa zimejazwa, hakuna nafasi tupu hata moja.

Na tusijidanganye kwamba kompyuta zitatuokoa zenyewe. Siku hizi kuna programu za kutambua mbu kwa picha ya simu, na nazifurahia sana. Lakini programu iliyofundishwa spishi kumi itachagua moja kati ya hizo kumi kila unapoipa picha, isipokuwa aliyeiandika amechukua taabu ya kuifundisha kusema haijui. Mpe picha ya kombamwiko uone. Ni ufunguo wa 1968 uliovaa suti mpya.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wanaoandika mifumo ya afya na kilimo, na najua mpo hapa, ni dogo. Weka nafasi ya "Sijui" na iwe rahisi kuibonyeza kuliko kudanganya. Hifadhi picha, mahali na tarehe pamoja na jina, na uandike jina hilo lilitolewa na nani, kwa ufunguo gani, toleo la mwaka gani. Na kila mwezi mtu mmoja akae azisome zile "Sijui" zote, badala ya kuzihesabu kama makosa ya makarani.

Ile zahanati bado inatumia programu yangu. Nilipoirekebisha niliweka "Sijui, eleza" juu kabisa ya orodha, hapo palipokuwa malaria. Wiki ya kwanza mwenye zahanati alilalamika kwamba ripoti imekuwa chafu. Nikamwambia ndiyo, imekuwa chafu, lakini sasa inasema kweli.

Haya, niishie hapo. Wingu limefunga upande wa msituni na mvua itakuwa hapa baada ya nusu saa. Ngoja nitoke nikafunike pipa. Nawe ukafunike lako.